Injini imenoki, na mshitakiwa ni mtoto wa marehemu dada

Shikamoo Fundi.

Mimi ni mwanamke wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Nina jetiski moja ya kukodisha, Yamaha ya mwaka 2000, silinda mbili, sisi (cc) 701, kabureta mbili. Niliinunua mtumba kutoka Dubai miaka minne iliyopita kwa pesa ya upatu na akiba aliyoiacha marehemu mume wangu, na ndiyo inayolisha nyumba. Anayeiendesha ni kijana wangu wa miaka 22, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu yuko darasa la pili, ananiita mama.

Ilipofika kwangu, pampu ya oili ilikuwa imeshaondolewa, kwa hiyo tunachanganya kwa mkono kama wavuvi wanavyofanya na mashine zao. Kazi hiyo ni ya kijana: dumu la petroli la lita 20, na oili ya boti chupa moja ya maji ya nusu lita, imejaa.

Mwezi wa nne mpaka mwisho wa mwezi wa sita ilikaa bandani, si unajua masika wageni hawapo. Julai tukabadilisha betri, tukaiwasha, ikasumbua siku nzima kisha ikakubali. Ilifanya kazi wiki tatu. Siku mbili kabla ya balaa, kijana aliniambia, "Mama, nikifungua mafuta ghafla inasita, nikivuta choki kidogo ndiyo inakwenda." Wageni walikuwa wamejaa. Nikamwambia maadamu inakwenda, aende nayo.

Jumamosi ile alikuwa anarudi peke yake kutoka upande wa Kendwa, kwa kasi. Anasema ilitoa ukelele mwembamba, ikazidi kasi yenyewe bila yeye kuongeza mafuta, halafu ikakamata pap. Akibonyeza stata inalia "ti" basi. Boti ya wazamiaji ikaivuta mpaka pwani, mbio mbio, maana ilikuwa na wageni wanaowahi.

Fundi alikuja siku ya tatu. Alifungua plagi, na tundu la nyuma likatoa maji. Akazungusha injini kwa spana mpaka ikaachia. Hakupima kitu. Akasema, "Kijana kasahau oili, injini imenoki, gasketi ya hedi nayo imekwenda." Anataka shilingi 4,500,000 anitafutie injini ya mtumba na kuifunga. Baadaye kijana mwengine, anayetengeneza mashine za wavuvi, alikuja na geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda: ya mbele psi 55, ya nyuma 145. Plagi ninazo kwenye mfuko wa nailoni. Ya nyuma ni nyeusi, ina mafuta mafuta. Ya mbele ni nyeupe, na kwenye ncha ina vidoa vinavyong'aa kama fedha.

Kijana anaapa hakusahau oili. Mashemeji zangu wanasema nimfukuze kabla hajanifilisi. Ile chupa yake ya kupimia nimemnyang'anya, nimeifungia kabatini iwe ushahidi. Tangu siku ile anakula na kuinuka, hatuongei. Leo ni wiki ya tatu. Ninunue injini? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mwenye Jetiski, Nungwi

*

Marahaba, binti yangu.

Umenitumia jalada zima la kesi, vielelezo vyote vimo, tena umevitunza kuliko mafundi wengi ninaowajua. Wengi plagi wakishazifungua huzitupa mchangani. Wewe umeziweka kwenye mfuko, na ndizo zinazomtoa kijana wako hatiani.

Fikiri hivi. Tangi ni moja. Petroli iliyomo ilitoka kwenye dumu moja na ilichanganywa na mkono mmoja. Petroli hiyo hiyo ndiyo inayogawanywa kwenye kabureta mbili, hii inalisha silinda ya mbele, hii ya nyuma. Kijana angesahau oili, silinda zote mbili zingekosa. Sasa itazame plagi ya nyuma: nyeusi, ina mafuta mafuta. Silinda hiyo ilikunywa oili yake ikashiba, na mpaka leo inasoma 145. Oili haiwezi kukumbukwa nyuma ikasahauliwa mbele.

Na kipimo chake nimekipigia hesabu. Nusu lita kwenye lita 20 ni sehemu 1 kwa 40. Injini nyingi za aina hii huchanganywa 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu lako. Kosa la mtoto, kama ni kosa, ni kuzidisha. Huenda ndiyo maana plagi ya nyuma ina weusi ule.

Tuje mbele. Plagi nyeupe maana yake silinda ilikuwa inaungua kwa moto mkali kupita kiasi. Vile vidoa vya fedha ni aluminiamu. Ni pistoni yenyewe, imeyeyuka kidogo ikarukia plagi. Na geji inasema hivyo hivyo. Injini ya mapigo mawili yenye afya, ya ukubwa huu, mara nyingi husoma baina ya 120 na 160, na silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Yako imepishana psi 90, zaidi ya asilimia 60. Wapo wanaoweka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena, wajue kama tatizo ni ringi za pistoni. Kwa 55 usijisumbue. Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, lazima itoke.

Swali ni kwa nini mbele peke yake. Jibu alikuletea kijana mwenyewe, siku mbili kabla. Choki kazi yake ni kubana hewa ili injini ivute petroli zaidi. Mashine iliyokwisha pata moto, halafu inakwenda vizuri ukiivuta choki, inalia njaa: hewa ni nyingi, petroli haitoshi. Katika injini ya kuchanganya njaa hiyo ni mbaya mara mbili, kwa sababu oili husafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na ule ubaridi ambao petroli huipa pistoni umepungua pia. Pistoni inapata moto, inavimba, inaikamata silinda. Ukelele mwembamba na ile kasi iliyopanda bila kuongezwa mafuta ni dalili hiyo hiyo, dakika ya mwisho.

Kwa hiyo kijana alisikia ugonjwa, akaja kukwambia. Hapo hapo pangesimama, leo tungekuwa tunazungumza kusafisha kabureta, kazi ya nusu siku. Sikulaumu sana, Julai kila mtu pwani anataka mashine izunguke. Lakini mashemeji zako wakianza tena, waambie hilo pia.

Njaa ilitoka wapi? Mimi nashuku masika. Miezi mitatu bandani, petroli imo tangini na kwenye kabureta. Petroli ikikaa, zile sehemu nyepesi hupotea hewani, inabaki utomvu. Unaganda kama gundi kwenye vitundu ambavyo uzi wa kushonea haupiti. Kabureta za mashine hizi ndani zina daiframu nyembamba, sindano ya kufungua na kufunga petroli, jeti zenye matundu madogo sana, na kichujio kidogo cha wavu ambacho wengi hawajui kama kipo. Ile siku nzima ya kusumbua kuwaka ilikuwa salamu ya kwanza. Nenda kwenye kabureta ya mbele, uifungue juu ya sinia jeupe. Ukikuta uchafu wa kijani au kahawia, au daiframu imekakamaa kama karatasi, umempata mshitakiwa wa kweli. Mipira ya mafuta nayo, kama ni ya zamani, ikate mmoja uutazame kwa ndani: ikizeeka hubanduka vipande na kuvipeleka vyote kwenye kabureta.

Kuna mshukiwa wa pili, na fundi asiyemtafuta atakurudisha hapa hapa. Hewa inaweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Sili ya krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) upande wa magneto, ambao ndio upande wa mbele, ina miaka mingi. Ikichoka, silinda ya mbele inanyonya hewa isiyopitia kabureta. Gasketi ya chini ya kabureta ikipasuka ni vivyo hivyo. Kipimo chake si ghali: matundu ya kuvutia hewa na ya moshi yanazibwa kwa bamba na mpira, inapigwa hewa kidogo, psi 6 au 7 isizidi, halafu unakaa unaangalia sindano ya geji. Ikishuka, paka povu la sabuni uone linapochemka. Mafundi wengi wataruka hatua hii kwa sababu inachosha. Msimamie.

Ngoja niseme la kwangu hapa, maana sisemi haya kwa usafi. Nilipokuwa na karakana yangu, nilimfukuza mwanagenzi kwa mashine ya boti iliyokamata namna hii hii. Nilipiga kelele mbele ya wateja: hukuweka oili. Nikafunga pistoni mpya. Kabureta nikairudisha ile ile, sikuigusa. Mashine ikakamata tena silinda ile ile, na safari hii mchanganyiko niliuweka mimi kwa mkono wangu. Yule kijana sikumpata tena kumuomba radhi.

Sasa maji. Fundi wako aliona maji akasema gasketi. Inawezekana, lakini boti ya wazamiaji ilitangulia. Jetiski ikitembea, pampu yake ya nyuma inasukuma maji ya bahari kuipoza injini, na maji hayo yanatoka pamoja na moshi. Ikizimika halafu ikavutwa kwa kasi, pampu inapitisha maji bado, lakini moshi wa kuyatoa nje haupo. Boksi la moshi linajaa, maji yanapanda mpaka ndani ya silinda. Jetiski iliyokufa huvutwa polepole, mwendo wa mtu anayetembea, au ule mpira wa maji ya kupozea ubanwe kwanza kwa kibano. Gasketi ingekuwa imekwenda upande wa nyuma, 145 ile ungeipata kwa shida sana.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko pistoni. Maji ya chumvi, wiki tatu, juu ya beringi za krenki. Leo, kabla hujamjibu fundi yeyote, mwambie kijana anyanyue kiti aiachie jetiski ipate hewa nusu saa nzima, maana mvuke wa petroli hujikusanya tumboni na cheche moja inatosha. Plagi zote ziwe nje, na waya zake zigusishwe kwenye chuma cha injini. Zikining'inia hewani zinaweza kuua boksi la umeme au kuwasha moto. Amimine oili ya kuchanganyia kwenye kila tundu, kama vijiko vitatu, kisha azungushe injini kwa mkono, taratibu, mara nyingi. Asibonyeze stata kama anasikia kitu kinagoma. Akisikia mkwaruzo kama mchanga kwenye meno, beringi zimeshaanza kutu, na hapo hesabu yote inabadilika: kutengeneza silinda juu ya krenki yenye kutu ni kutupa pesa.

Isipokwaruza, toeni hedi. Hiyo ni kazi ya jioni moja na gharama yake ni gasketi. Utazame pistoni ya mbele imechubuka wapi. Michubuko upande wa kutolea moshi ni ya njaa ya petroli au joto. Upande wa kuvutia ni ya kukosa ulainisho. Imechubuka pembe nne, basi ilipigwa kasi kabla haijapata moto. Juu ya pistoni pakiwa pamesafishwa mpaka panang'aa kama sufuria, maji yalikuwa yanaingia tangu kabla, na fundi wako atakuwa na haki yake kwenye gasketi.

Nisimpake kijana mafuta tu. Akitoa hedi aangalie na njia za maji. Akizikuta zimejaa mchanga na chumvi, nitataka kujua anaiwashia wapi. Mashine hizi zikiwashwa kwenye maji ya magotini zinanyonya mchanga, njia ya kupoza inaziba, na silinda inaungua kwa sababu nyingine kabisa. Aisukume mpaka maji ya kiunoni ndipo awashe. Na jioni mkiisuuza kwa maji baridi, injini iwashwe kwanza, halafu mfungue bomba. Mkimaliza mfunge bomba kwanza, halafu mzime. Mkigeuza mpangilio huo, maji yanaingia kule kule yalikoingia siku ya kuvutwa.

Kuhusu shilingi 4,500,000. Usitoe bado. Fundi akikuletea injini ya mtumba ataifunga kwenye kabureta gani? Hizo hizo zako. Mipira hiyo hiyo, petroli ile ile iliyobaki tangini. Akiondoka na pesa Jumatatu, mimi naona ukelele mwembamba unarudi kabla mwezi haujaisha. Kama krenki ni nzima, njia yako ni silinda kuchongwa. Pistoni ya asili ya 701 ni milimita 81, na zipo za kuzidi robo milimita, nusu, mpaka moja, kwa hiyo silinda iliyochubuka ina maisha bado. Mpe kazi anayejua kupima, usimpe mwenye mashine kubwa tu. Ya nyuma nayo ipimwe, na kama ipo kwenye mpaka zichongwe zote mbili saizi moja.

Kama krenki imekufa, basi injini ya mtumba ni haki. Lakini ulipe baada ya kuona geji kwa macho yako: betri imejaa, plagi zote nje, mkono wa mafuta umefunguliwa mpaka mwisho, stata ibonyezwe mpaka sindano iache kupanda. Silinda zote mbili. Muuzaji akisema geji hana, yule kijana wa mashine za wavuvi anayo. Huyo mimi nimempenda bila kumwona. Mtu wa kwanza kupima badala ya kusema, na kama ana nafasi kazi yote mpe yeye.

Kwa kijana wako, huhitaji kikao cha ukoo. Mkalishe chini, umwekee plagi mbili mezani, umweleze kama nilivyokueleza. Atafahamu haraka kuliko mashemeji. Kisha umwambie kuwa lile la choki alisema sawa na wewe hukumsikia, na siku nyingine akisema inasita, jetiski inapanda pwani siku hiyo hiyo, wageni wawepo wasiwepo. Kabureta aifungue yeye, fundi akisimama pembeni.

Petroli iliyobaki tangini imwagwe kwenye dumu la kuoshea vyuma, isirudi kwenye mashine. Masika ijayo tangi na kabureta vikaushwe kabla haijaingia bandani, na oili imiminwe kwenye matundu ya plagi.

Na ile chupa itoe kabatini umrudishie. Achore mstari kwenye mililita 400, hapo ndipo aishie, ila kwa madumu mawili matatu ya mwanzo baada ya pistoni mpya aendelee kujaza mpaka shingoni kama alivyozoea.